Hilali Nyuma ya Kioo

Nilikiona kidani changu nyuma ya kioo saa nne asubuhi, siku ya Alhamisi, na kibao cha pembeni kikasema kina umri wa miaka elfu moja. Mimi mwenyewe nina miaka sitini na minne. Nikakisoma kile kibao mara tatu, nikavua miwani, nikaipangusa kwa ncha ya skafu, nikaivaa tena. Maneno yalikuwa yale yale.

Kalina hakutaka nije siku hiyo. Kalina ni binti yangu, mtoto wangu wa pekee, mwanaakiolojia wa makumbusho ya mkoa. Wiki ile alinipigia simu mara mbili kunieleza kwamba uzinduzi wa maonyesho utakuwa na hotuba ndefu, kwamba viti ni vichache, kwamba goti langu litanisumbua. Nikamwambia sawa, kwa sababu kubishana naye ni kupoteza pumzi. Halafu Alhamisi nikavaa koti langu zuri, nikapanda basi la saa mbili kutoka kijijini, maana linalofuata ni la saa nane. Mtoto anazindua kazi kubwa kuliko zote maishani mwake halafu mama akae nyumbani akikanda goti? Mlinzi wa mlangoni ananifahamu. Alinifungulia akaniambia Kalina yuko ghorofani na wageni kutoka mji mkuu, Warszawa, nikaingia ukumbini peke yangu, saa mbili nzima kabla ya wenye mwaliko.

Kidani kilikuwa katikati ya ukumbi, kwenye kabati lake peke yake, kimemulikwa taa kama bibi harusi. Hilali ya fedha, upana wa kiganja cha mtoto, pembe zake mbili zikitazama chini. Uso wake wote umejaa punje za fedha ndogo kuliko ulezi, zimepangwa pembetatu pembetatu: nne, juu yake tatu, juu yake mbili, juu yake moja. Wanawake wa kwetu walivaa hilali za namna hiyo shingoni kabla nchi hii haijabatizwa. Mimi ni sonara, na nimezitengeneza kwa mkono kwa miaka thelathini na tano, nikiwauzia watu wanaovaa mavazi ya kale kwenye matamasha ya kiangazi, na mara nyingine maharusi wasiotaka vitu vya dukani.

Zangu ziko nyingi duniani, na ningeweza kujidanganya kwamba hii inafanana nazo tu. Lakini karibu na pembe ya kushoto kulikuwa na punje mbili zilizozama, zimelala ndani ya bati la fedha kama zabibu kwenye keki. Mazuri yangu nayasahau. Makosa yangu nayajua moja moja.

Zile punje hazitiwi lehemu. Unazibandika kwa gundi, unafunga mapazia karakana iwe na gizagiza ili uione vizuri rangi ya fedha, kisha unapuliza moto. Fedha inaiva polepole, na mwishowe uso wake wote unang'aa kama umelowa maji. Hapo una muda wa pumzi moja tu. Ukiondoa moto kabla, punje zinadondoka ukigusa. Ukichelewa, hilali yote inajikunja inakuwa donge. Siku niliyoipuliza moto hiyo nilichelewa nusu pumzi, kwa sababu nilikuwa nalia.

Nilikuwa namlilia Gerard. Gerard Wenta alikuwa mkulima wa viazisukari, na siku za Jumamosi alikuwa mkuu wa kikosi chetu. Sisi kikosi chetu ni watu wazima wenye akili zao, walimu, mafundi bomba, mhasibu mmoja, ambao kiangazi kikifika tunavaa kitani tulichoshona kwa mkono na kuishi kambini kama watu wa karne ya kumi. Tunajiwekea sheria kali kuliko za kanisa. Kwenye lango la tamasha kuna mtu anayekagua mishono ya nguo yako, na akikuta uzi wa mashine anakurudisha ukabadilishe. Muhuri wa serikali kwenye fedha nao hautakiwi, maana karne ya kumi hakukuwa na ofisi ya mihuri. Kwa hiyo za kikosini nilikuwa sizipigi muhuri. Tuliona fahari kwamba mtu hawezi kutofautisha kitu chetu na cha kale. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza nini kitatokea siku mtu akishindwa kweli kutofautisha.

Miaka kumi na mitatu iliyopita Gerard alikuja karakana na kopo la kahawa. Ndani mlikuwa na vipande kumi na saba vya dirhamu, sarafu za Waarabu, nyembamba kama ganda la kitunguu, vimekatwakatwa kama walivyokuwa wakivikata wafanyabiashara wa zamani. Jembe lake lilikuwa limeviinua shambani. Sheria ilimtaka avipeleke kwenye hii hii makumbusho ya mkoa. Yeye alikuwa amevificha miaka, na sasa alitaka nimtengenezee hilali kwa fedha ile ile.

Nilimwambia ni kosa la jinai, na mimi ndiye nitakayefungwa.

"Ludka," akasema, "watanifunga miezi mingapi? Daktari kanipa miwili."

Ningeweza kukataa. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye watu wengi walinitafutia udhuru ambao sikuuomba. Nilitaka. Sonara gani hajawahi kuota kuifua fedha iliyosafiri kutoka Baghdad kwa miguu ya ngamia na kwa mashua za mito? Nikayeyusha vipande kumi na vinne. Nilitazama maandishi yale mazuri yakilegea na kupotea kwenye chungu cha moto, nikaona haya, na sikuacha. Vitatu alibaki navyo mfukoni, akivichezea kwa vidole hospitalini mpaka mwisho. Alikufa siku mbili kabla sijaweka punje motoni.

Kikosini tuna desturi yetu. Padri anazika mwili, na wale marafiki wawili wa karibu zaidi wanazika kitu kilichotengenezwa kwa mkono, mahali marehemu alipopapenda, bila alama, na hawalizungumzii tena jambo hilo. Tuliozika tulikuwa mimi na mkewe, Apolonia. Tuliifunga hilali kwenye kitani pamoja na vile vipande vitatu, tukaichimbia pembeni mwa shamba la viazisukari. Apolonia alimfuata mumewe mwaka wa tatu. Nikabaki mimi peke yangu na siri, na sikumwambia mtu, hata Kalina, ambaye wakati ule alikuwa chuoni akisomea namna ya kuwakamata watu kama mimi.

Kumbe kitani huoza upesi, na mbolea ya shamba huila fedha haraka kuliko miaka mia ya msituni, ndiyo maana ikaonekana ya kale. Kibao kilieleza mengine yote. Bwana Sylwester Pająk, mwenye kifaa cha kutafutia madini ardhini na kibali halali mkononi, aliipata mwaka juzi. Zile dirhamu tatu zilitoa tarehe. Maabara ikathibitisha kwamba fedha ya hilali na fedha ya dirhamu zimetoka chanzo kimoja. Zitoke wapi kwingine, na mimi ndiye niliyezipika?

Ukutani kulikuwa na bango refu kuliko mlango, lenye picha ya hilali yangu na jina la binti yangu chini yake. Mezani palikuwa na rundo la vitabu, picha ile ile kwenye jalada, jina lile lile. Nikafikiri: nikisema, nimemzika mtoto wangu mbele ya wakubwa zake. Nisiposema, atasimama saa sita mchana kuisifu kwa watu kazi ya mama yake kama kazi ya mtu aliyekufa miaka elfu.

Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi. Kalina alishuka na makaratasi mkononi, akaniona nimesimama mbele ya kioo, akasimama. Hakuniuliza kwa nini nimewahi hivyo. Hakuniuliza goti linaendeleaje. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa.

"Njoo huku, Mama," akasema.

Akaniingiza kwenye chumba cha nyuma wanakosafishia vitu, akafunga mlango kwa ufunguo. Nilianza kumweleza, nikajiuma ulimi, nikaanza upya. Nikasema kuna jambo baya juu ya ile hilali, akae kwanza. Hakukaa.

"Najua," akasema.

"Hujui ninachotaka kusema."

"Najua, Mama. Nimejua tangu siku ya kwanza. Sylwester aliniita shambani, nikaipokea ikiwa bonge la udongo. Nilipoifuta kwa kidole gumba, nikakuona wewe."

Nikamwambia hilo haliwezekani, zimetapakaa nakala za kila aina. Akatikisa kichwa, akanieleza kwa sauti ya chini, haraka haraka, kama mtu aliyelibeba neno muda mrefu. Kwamba punje ya juu kabisa ya kila pembetatu huwa naibonyeza kidogo kwa ncha ya kibano baada ya kuiweka. Kwamba pengo kati ya pembetatu ya tatu na ya nne huwa kubwa kuliko mengine, kwa sababu hapo ndipo ninaponyoosha mgongo. Mimi sikuyajua hayo. Miaka thelathini na tano nabonyeza punje, na sijui kama nabonyeza.

Nilitaka kulia, na badala yake nikapandwa na hasira, ndivyo nilivyo. Nikamwambia ameandika kitabu cha uongo. Akajibu kwamba kina kurasa mia mbili na ishirini, na uongo uko kwenye sura moja. Nikamwuliza kama anajisikia anavyosema, yeye ambaye alikuwa akinisahihisha mezani nikikosea karne.

"Ningefanyaje?" Sauti yake ilipasuka. "Pale shambani kulikuwa na diwani na mwandishi wa gazeti. Nilikuwa nafungua mdomo niwaambie ni ya mama yangu, tucheke, yaishe. Halafu Sylwester akafungua mkono wa pili, nikaziona dirhamu. Nikajua umetoa wapi fedha. Ningewapeleka polisi mlangoni kwako mimi mwenyewe?"

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilisimama mbele ya kioo nikijiuliza nitamwokoaje, na yeye mwaka mmoja na nusu alikuwa ananificha mimi. Alinyamaza siku moja, siku ya pili ikamkuta na barua ya pongezi, ya tatu ikamkuta na maabara. Kila siku ukweli ulizidi kuwa mzito na yeye alizidi kuwa mwembamba. Mimi nilidhani ni kazi nyingi. Nilikuwa namletea supu.

Nikamwambia basi, nitasema mimi, leo hii, na mambo yaishe. Akanishika mkono wa koti.

"Ukisema, swali la kwanza watakaloniuliza ni kama nilijua. Nikisema nilijua, mimi ni tapeli, hakuna chuo wala makumbusho itakayoniruhusu hata kufagia. Nikisema sikujua, nani ataamini? Nimekulia chini ya meza yako."

"Basi tunyamaze."

"Hatuwezi kunyamaza. Daktari Żurek amekuja."

Otylia Żurek ana jina la supu yetu ya unga mchachu, na uso wake nao ni huo huo. Nilikuwa sijui jina lake, wala kwamba ni daktari wa akiolojia, lakini Kalina alipomwelezea nilimkumbuka mara moja: mwanamke mrefu, nywele fupi za mvi, kiangazi kilichopita alisimama kwenye banda langu tamashani zaidi ya saa nzima akipiga picha hilali zangu moja moja, mbele na nyuma, asinunue hata pete. Nilimwona mpuuzi, na tena nikamshikia moja juani apate mwanga mzuri. Kumbe alikuwa ameandika barua tatu kuitaka makumbusho ilinganishe alama za vifaa, na barua zote tatu zilipita mikononi mwa Kalina. Sasa ameomba nafasi ya kuuliza swali hadharani, na amekuja na bahasha ya picha.

Nikamwambia aahirishe, ajifanye mgonjwa, mimi nizimie ukumbini, chochote. Akasema ukiahirisha leo, yule daktari ataandika kesho, na itaonekana tulikimbia. Hapo mlango ukagongwa. Mkurugenzi, Bwana Horodyski, alikuwa anamwita Kalina, msimamizi wa maonyesho, kwa sauti ya furaha, wageni wameanza kuingia. Kalina akajifuta macho kwa kiganja, akanyoosha koti lake, akaniambia nikae mstari wa nyuma na nisifungue mdomo kwa lolote lile. Halafu akatoka, akamsalimia mkurugenzi kwa tabasamu ambalo sitaki kuliona tena.

Nilikaa mstari wa nyuma. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wengi niliwajua: mwalimu wa shule yetu, padri, watu wanne wa kikosi chetu wamevaa suti, wanapendeza na wanajikuna shingo. Mhudumu akapitisha vipande vya mkate na samaki wa chumvi, nikachukua kimoja nikakishika mpaka mafuta yakanichuruzika kwenye kiganja. Mkurugenzi akahutubia. Profesa kutoka Warszawa akahutubia, akasema mkono uliotengeneza hilali hii ulikuwa mkono wa fundi mkubwa asiyejulikana. Wakati mwingine wowote ningefurahi nisilale wiki nzima.

Kalina akapanda. Alizungumza vizuri, kavu, bila kuitazama hilali hata mara moja. Mimi nilikuwa namtazama Daktari Żurek kwenye mstari wa pili, bahasha mapajani, kimya kama mtu anayesubiri basi. Kalina alipomaliza, watu walipiga makofi. Mkurugenzi akauliza kama kuna maswali, akisema kwa namna inayoomba yasiwepo. Daktari Żurek akasimama.

Sikumchukia, na hilo linanishangaza hadi leo. Hakupaza sauti. Alitoa picha, akampa profesa kwanza, kisha mkurugenzi, akaeleza ni kidani kilichokuwa kikiuzwa kwenye tamasha la kiangazi kilichopita, na akawaomba waangalie punje ya juu ya kila pembetatu. Kisha waende kwenye kioo wakaangalie tena. Profesa alikwenda. Aliinama pale kwenye kioo muda mrefu, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, na mgongo wake ulipokuwa unanyooka nikajua kwamba amekwisha kuona.

"Aliyetengeneza hiki cha kwenye picha ni sonara aliye hai," Daktari Żurek akasema. "Anaitwa Ludmiła Kręska. Msimamizi wa maonyesho haya ni binti yake. Nina swali moja tu kwa mwenzangu. Ulipoishika hilali hii kwa mara ya kwanza, uliitambua kazi ya mama yako?"

Kalina alishika kingo za meza ya hotuba. Mimi namjua mtoto wangu. Niliyaona mabega yake yakishuka, niliona anavuta pumzi, na nikajua kama ninavyolijua jina langu kwamba amechoka, kwamba anakwenda kusema ndiyo, na kwamba baada ya ndiyo hiyo hakutakuwa na kitu chochote tena.

Nilikuwa na muda wa pumzi moja.

"Mwacheni huyo," nikasema, nikasimama. Kipande cha mkate kikaanguka. "Swali la hilali mniulize mimi. Ni yangu."

Vichwa vyote viligeuka. Nikapita katikati ya viti mpaka mbele, goti likilalamika, na sikumtazama Kalina. Nikawaeleza yote kwa utaratibu: Gerard, kopo la kahawa, dirhamu kumi na saba, kumi na nne kwenye chungu cha moto, tatu kwenye kitani, shimo pembeni mwa shamba. Nikawaeleza kuhusu desturi yetu na kwa nini sikupiga muhuri. Nikasema niliyeyusha mali ya nchi nikijua kwamba ni mali ya nchi, na mwenye kutaka kupiga simu polisi apige. Niliwaona wale wanne wa kikosi wameinamisha vichwa. Padri alifumba macho. Nilisema bila kutetemeka, na nadhani nilikuwa nafurahia kidogo, kama mtu anayevua kiatu kinachobana.

Daktari Żurek alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, lile nililokuwa nalisubiri.

"Na binti yako? Mtoto wa sonara, asijue?"

"Huyu?" Hapo nikageuka nikamtazama Kalina usoni, nikacheka. "Huyu ajue? Angejulia wapi? Tangu akiwa msichana anaionea aibu kazi yangu. Wenzake walikuwa na mama walimu, mama wauguzi, yeye mama yake anakaa gizani anapuliza moto kwenye vibati. Ndivyo anavyoviita, vibati. Anakuja Jumapili, anakula, anatazama simu, anaondoka. Miaka yote hiyo hajawahi kuchukua hata kimoja akakigeuza mkononi. Mtu mgeni, huyu daktari hapa, alisimama mezani kwangu saa nzima akiangalia. Mtoto wangu hajawahi kunipa hata dakika tano."

Sikuwa nimepanga maneno hayo. Yalikuja yenyewe, na yalikuja na uchungu wa kweli, sijui ulikuwa umejificha wapi. Mstari wa mbele mwanamke mmoja wa makamo akatazama chini, na mumewe akashika mkono wake. Mtu nyuma akanong'ona, maskini mama. Nikawauliza kama wao watoto wao wanazijua kazi zao, kama kuna mmoja humo ndani angeweza kuitambua kazi ya mama yake kwenye udongo. Hata Daktari Żurek alishusha macho kwenye bahasha yake, na nikaona kwamba swali lilikuwa limemgusa.

Lakini yeye ni mwanamke wa kazi. Akamgeukia Kalina.

"Ni kweli anayosema?"

Kalina alinitazama. Nilimwambia kwa macho, sema, wewe mtoto, usiniharibie. Halafu akaachia meza, akasimama wima, na akazungumza ili wa madirishani nao wasikie.

"Ni kweli," akasema. "Sikuitambua. Sijawahi kuiangalia kazi ya mama yangu."

Wakaamini wote. Niliwaona wanaamini, na wengine wakamtazama kwa dharau, na nikajua dharau hiyo ataivaa miaka mingi mjini humu, na kwamba wataiita ujinga, na ujinga haumfukuzishi mtu kazi. Nilitaka kumkumbatia pale pale mbele ya watu wote. Nikamgeuzia mgongo kama mama aliyeumizwa na mwanawe, nikachukua koti langu kitini, nikatoka nje kuwasubiri polisi kwenye ngazi.